Hewa Nyepesi: Rekodi za Dunia za Wanawake Barafuni na Nchi Kavu, na Nafasi ya Musoma

Rekodi ya dunia ni muda au umbali bora kuliko yote iliyowahi kupatikana na kuthibitishwa na chombo kinachosimamia mchezo husika, na uthibitisho huo hudai mambo kadhaa kwa pamoja: njia iliyopimwa, saa ya umeme inayosoma hadi sehemu za mia za sekunde, waamuzi wenye kibali, kipimo cha dawa zilizokatazwa na, kwa mbio za mita 100 na 200, kipima upepo kinachothibitisha kwamba upepo wa mgongoni haukuzidi mita 2.0 kwa sekunde. Katika masharti hayo yote hewa imeulizwa swali moja tu, nalo ni kwamba ilikuwa ikivuma kuelekea wapi na kwa nguvu gani. Haiulizwi ilikuwa nzito kiasi gani, ingawa uzito huo ndio ulioamua, kwa zaidi ya nusu karne, ni mji gani duniani utaandikwa mbele ya jina la mwanamke mwenye kasi kuliko wote.

Uzito unaozungumzwa hapa ni ule ambao wanafizikia huuita msongamano wa hewa, yaani wingi wa hewa uliomo ndani ya ujazo fulani, kwa mfano mita moja ya ujazo. Kadiri mtu anavyopanda juu kutoka usawa wa bahari, ndivyo hewa iliyo juu yake inavyopungua, na kwa hiyo ile inayomzunguka inabanwa kidogo zaidi na kuwa nyepesi. Jambo hili linawahusu wakazi wa Musoma, mji wa mkoa wa Mara nchini Tanzania, kuliko wengi wao wanavyodhani, kwa sababu uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wenyewe umekaa juu ya uso huo kwa mita chache katika kata kama Iringo na kwa mita nyingi zaidi kwenye vilima vyake. Mtu asimamaye Mwigobero na kutazama maji yasiyoonyesha ng'ambo huambiwa na macho yake kwamba yuko pwani, kumbe yuko zaidi ya kilomita moja juu ya Dar es Salaam, akipumua hewa ambayo, kwa hesabu ya kawaida ya angahewa, ina upungufu wa takriban sehemu moja ya kumi ukilinganisha na ile ya baharini.

Sehemu moja ya kumi ni kitu kidogo kwa mtu anayetembea kwenda sokoni, bali kwa mwanamke anayeteleza juu ya barafu kwa kasi ya gari ni jambo kubwa sana. Kwa sababu hiyo hesabu hii inaanzia mahali ambapo msomaji wa Mara hakupatarajia, yaani kwenye barafu.

Mbio za kuteleza kwenye barafu hufanyika katika njia ya duara refu yenye mzunguko wa mita 400, ambamo wachezaji wawili hushindana kwa wakati mmoja, mmoja akianzia mkondo wa ndani na mwingine wa nje, kisha wakabadilishana mikondo katika kila mzunguko ili umbali wao ulingane. Masafa mafupi ya mchezo huo ni mita 500 na mita 1,000. Wanawake waliruhusiwa kuwania medali za mchezo huu katika Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1960 huko Squaw Valley, Marekani, ambako Helga Haase wa Ujerumani alishinda mita 500 kwa sekunde 45.9. Mwaka huo huo, katika Olimpiki ya kiangazi ya Roma, wanawake walirudishiwa mbio za mita 800, ambazo walikuwa wameondolewa baada ya mwaka 1928 kwa madai kwamba miili yao haikuziweza. Barafuni na nchi kavu, basi, mlango ulifunguliwa katika mwaka mmoja, na wanaume waliokuwa wameushikilia hawakuwahi kueleza vizuri ni nini kilichobadilika katika miili hiyo kwa miaka 32.

Tangu sekunde 45.9 za Haase, muda wa mita 500 umeshuka kwa karibu sekunde 10, na kushuka huko kuna ramani yake. Sekunde 40 zilivunjwa mwaka 1983 na Christa Rothenburger wa Ujerumani Mashariki, mwanamke ambaye baadaye, mwaka 1988, alipata medali ya barafuni na ya baiskeli katika Olimpiki mbili za mwaka mmoja. Mahali palikuwa Medeo, uwanja uliojengwa kwenye milima ya juu ya Alma-Ata, takriban mita 1,690 kutoka usawa wa bahari. Sekunde 39 zilivunjwa mwaka 1994 na Mmarekani Bonnie Blair huko Calgary, mji wa Kanada ulio juu zaidi kidogo ya mita 1,000, ambako tayari alikuwa ameshinda Olimpiki ya 1988 kwa rekodi ya sekunde 39.10. Sekunde 38 zilivunjwa Novemba 1997 na Catriona Le May Doan wa Kanada, Calgary vilevile. Sekunde 37 zilivunjwa Januari 2012 na Yu Jing wa China, na hapo tena ni Calgary. Kisha Lee Sang-hwa wa Korea Kusini alifika Novemba 2013 katika ukumbi wa barafu wa Salt Lake City, ulio juu mita 1,425, akaiacha rekodi kwenye sekunde 36.36, na hapo ikakaa miaka 12, siku kwa siku, hadi tarehe 16 Novemba 2025 Femke Kok wa Uholanzi alipoishusha hadi 36.09 juu ya barafu ile ile ya Salt Lake City.

Hakuna hata kizuizi kimoja kati ya hivyo kilichovunjwa karibu na bahari. Kok anatoka nchi ambayo takriban robo ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari, yenye kumbi za barafu zinazosifika na watazamaji wanaoujua mchezo huu kama watu wa Mara wanavyoujua uvuvi, lakini ili awe mwenye kasi kuliko wote alilazimika kuvuka bahari na kupanda mlima. Lee mwenyewe ni ushahidi mzuri zaidi, kwa sababu miezi mitatu tu baada ya 36.36 alishinda Olimpiki ya Sochi, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi, na mbio yake bora huko ilikuwa ya sekunde 37.28. Mwanamke ni yule yule, msimu ni ule ule, ubingwa ni wake bila ubishi, na tofauti ni sekunde 0.92. Barafu ya ukumbi mmoja na ya mwingine hazifanani, na presha ya Olimpiki ina lake, lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo wataalamu wa mchezo huo huihesabia hewa.

Si haki, hata hivyo, kuipa hewa sifa yote. Kati ya sekunde 38.69 za Blair za mwaka 1995 na sekunde 37.55 za Le May Doan za Desemba 1997 kuna zaidi ya sekunde nzima iliyopotea katika miaka isiyozidi mitatu, na hapo hewa ya Calgary haikubadilika. Kilichobadilika ni kiatu. Kiatu cha kutelezea cha zamani kilikuwa na wembe mrefu uliofungwa chini ya soli mbele na nyuma, kwa hiyo mchezaji aliposukuma alilazimika kuubana mguu wake usinyooke hadi kidoleni, maana kisigino kikiinuka ncha ya wembe ingechimba barafu na kumwangusha. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Amsterdam, wakiongozwa na Gerrit Jan van Ingen Schenau, waliweka bawaba chini ya vidole, bawaba ya kawaida kama ya mlango, wakaacha kisigino kikiwa huru. Sasa mguu unaposukuma, kisigino huinuka na wembe hubaki umelala juu ya barafu kwa muda mfupi zaidi ambao zamani ulikuwa ukipotea; mguu ukiisha kunyooka, springi hurudisha wembe mahali pake kwa mlio wa kofi, na kutokana na mlio huo kiatu kikapata jina lake kwa Kiholanzi. Wa kwanza kukikubali kwa wingi walikuwa wanawake wa Uholanzi katika msimu wa 1996 hadi 1997, wakati wanaume wengi bado wanakicheka. Hili la wanawake kutangulia kupokea chombo kipya kwa sababu hawakuwa na heshima ya zamani ya kuilinda lingestahili mhadhara wake.

Kuhusu hewa, hesabu yenyewe si ngumu. Mita 500 kwa sekunde 36.09 ni wastani wa mita 13.85 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 50 kwa saa, kasi ile ile inayoandikwa kwenye kibao pale barabara ya Mwanza hadi Musoma inapopita katikati ya makazi. Na kwa kuwa wastani huo unajumuisha hatua za kwanza kutoka kusimama, katikati ya mbio Kok alikuwa anakwenda zaidi ya hapo, na askari wa barabarani mwenye tochi angekuwa na sababu ya kumpungia mkono. Nguvu ambayo hewa humpinga nayo mtu haiongezeki kwa kadiri ya kasi yake, bali kwa kadiri ya kasi hiyo ikizidishwa kwa yenyewe: kasi ikiongezeka mara mbili, upinzani unaongezeka mara nne. Mkimbiaji wa kike wa mita 1,500 aliye bora kuliko wote duniani huenda kwa mita 6.56 kwa sekunde, chini kidogo ya nusu ya kasi ya Kok, na kwa hiyo, vitu vingine vikiwa sawa, hewa humpinga kwa chini ya robo ya nguvu inayompinga yule wa barafuni. Mwanamke wa barafuni akipunguziwa sehemu moja ya kumi ya mzigo huo anafaidi sana. Mkimbiaji wa mita 1,500 naye anafaidi kidogo, ila kuna kitu kingine anachopoteza kwa wakati huo huo.

Kitu hicho ni oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa ambayo misuli huitumia kuunguza chakula na kupata nguvu. Mbio ya sekunde 10 au 36 huendeshwa kwa akiba iliyomo tayari ndani ya misuli, kiasi kwamba pumzi inayovutwa wakati wa mbio ina kazi ndogo. Mbio ya dakika 4, ya dakika 14 au ya saa mbili huendeshwa kwa pumzi. Hewa nyepesi humpa mkimbiaji wa masafa mafupi njia iliyo wazi zaidi na humnyima yule wa masafa marefu chakula cha njiani. Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, iliyofanyika mita 2,240 juu ya bahari, ililionyesha hili kwa wiki mbili: Wyomia Tyus wa Marekani alishinda mita 100 za wanawake kwa rekodi ya dunia ya sekunde 11.08, Irena Szewińska wa Poland akashinda mita 200 kwa rekodi ya sekunde 22.58, na Viorica Viscopoleanu wa Romania akaruka mita 6.82 ambazo hakuna mwanamke aliyekuwa amezifikia. Upande wa masafa marefu, Naftali Temu, Mkisii kutoka ng'ambo tu ya mpaka wa Mara, aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000 kwa dakika 29:27.4, muda ambao ulikuwa nyuma ya rekodi ya dunia ya wakati huo kwa zaidi ya dakika moja na nusu.

Kwa sababu hiyo safari ya wanawake wa Bonde la Ufa ni kinyume kabisa cha safari ya wanawake wa barafuni. Wa barafuni hupanda ili wavunje rekodi. Wa Bonde la Ufa huishi na kufanya mazoezi juu, Iten, Kaptagat na vitongoji vyake, kwenye mita 2,000 na zaidi, kisha hushuka ili wavunje rekodi. Kule juu, oksijeni inapokuwa haba, figo hutoa kwa wingi zaidi homoni iitwayo eritropoyetini, ambayo huiamuru mifupa kutengeneza chembe nyekundu za damu, na chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni. Mtu akishuka na damu hiyo hadi mahali penye hewa tele, anakuwa kama mfanyabiashara aliyezoea mtaji mdogo kisha akakabidhiwa duka. Homoni hiyo hiyo hutengenezwa viwandani, na walioidunga ili wapate bila mlima kile ambacho wenzao hukipata kwa mlima wameuchafua mchezo huu katika mataifa mengi, Kenya ikiwamo.

Mbio za mita 1,500 za wanawake zina orodha inayosimulia vizuri safari hiyo. Chombo cha dunia cha riadha kilianza kuitambua rekodi yake mwaka 1967, kwa dakika 4:17.3 za Anne Smith wa Uingereza, na ndani ya miaka 13 tu wanawake wa Kisovieti walikuwa wameishusha hadi 3:52.47, muda ambao Tatyana Kazankina aliupata Zürich mwaka 1980. Baada ya hapo ikawa kama imeganda. Qu Yunxia wa China alipata 3:50.46 mwaka 1993, katika msimu ambao kikundi chake kilivunja rekodi kwa namna iliyozua maswali hadi leo. Genzebe Dibaba wa Ethiopia akapata 3:50.07 Monaco mwaka 2015. Ilibidi Faith Kipyegon, binti wa Keringet katika kaunti ya Nakuru, azaliwe, akue akikimbia bila viatu, awe bingwa wa Olimpiki, ajifungue mtoto mwaka 2018 na arudi uwanjani, ndipo dakika 3:50 ivunjwe: 3:49.11 Florence tarehe 2 Juni 2023, 3:49.04 Paris tarehe 7 Julai 2024, na 3:48.68 Eugene, Marekani, tarehe 5 Julai 2025. Florence, Paris na Eugene zote ni miji ya bondeni. Hakuna hata moja inayofikia nusu ya kimo cha Musoma.

Siku hiyo ya Eugene, kabla ya Kipyegon kupanga mstari, mwenzake Beatrice Chebet alikuwa amekwisha kukimbia mita 5,000 kwa dakika 13:58.06 na kuwa mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 14, katika uwanja ule ule ambako Mei 2024 alikuwa amekimbia mita 10,000 kwa 28:54.14 na kuwa wa kwanza chini ya dakika 29. Itoshe kusema kwamba vizuizi viwili ambavyo vizazi viwili vya wakimbiaji viliviona kama ukuta vilibomolewa na mtu mmoja, mahali pamoja, katika muda wa miezi 14.

Hewa, ambayo wakimbiaji wa masafa ya kati walikuwa wameizoea kama kitu cha kuvuta tu, ilirudi kama mpinzani tarehe 26 Juni 2025. Siku hiyo kampuni ya viatu ilimwandalia Kipyegon jaribio katika uwanja wa Charléty, Paris, ili awe mwanamke wa kwanza kukimbia maili moja, yaani mita 1,609, chini ya dakika 4. Rekodi yake halali ilikuwa 4:07.64. Alivalishwa vazi lililojaa vijitundu na vijinundu vya kupunguza mkwaruzo wa hewa, na alizungukwa na wadhibiti kasi zaidi ya kumi, wengi wao wanaume, ambao hawakuwekwa tu kumwonyesha mwendo, bali walipangwa mbele na nyuma yake ili waipasue hewa na kuizuia isijikunje mgongoni pake. Alimaliza chini kidogo ya 4:07, muda usiotambuliwa kuwa rekodi kwa sababu ya msaada huo. Wengi waliliita jaribio hilo kushindwa. Kwa anayefuatilia habari ya hewa lilikuwa na thamani nyingine: watu wenye fedha na kompyuta za kutosha walikubali hadharani kwamba hata kwenye mita 6.5 kwa sekunde hewa ni ukuta unaostahili kulipiwa gharama, jambo ambalo wanawake wa barafuni walilijua siku nyingi na ndiyo maana huinama mgongo hadi kifua kikaribie magoti.

Mbio ndefu zina namna yake ya kupunguza ukuta huo, nayo ndiyo iliyozua mgawanyo unaowachanganya wasomaji wengi wa magazeti. Katika marathoni, yaani kilomita 42.195, kuna rekodi mbili za wanawake: moja ya mbio ambazo wanaume na wanawake hukimbia pamoja, na nyingine ya mbio za wanawake peke yao, ambamo hakuna mgongo wa mwanamume wa kujificha. Tegla Loroupe alipokimbia Rotterdam kwa saa 2:20:47 mwaka 1998 na kuifuta rekodi ya Ingrid Kristiansen iliyodumu tangu 1985, walikuwapo waliomlaumu kwa sababu alisindikizwa na wanaume; mwaka uliofuata aliirekebisha Berlin hadi 2:20:43. Naoko Takahashi wa Japani alivunja saa 2:20 Septemba 2001, na wiki moja baadaye Catherine Ndereba wa Kenya akapata 2:18:47 Chicago. Paula Radcliffe wa Uingereza alifikia 2:15:25 mwaka 2003 na kukaa hapo miaka 16, hadi Brigid Kosgei alipopata 2:14:04 Chicago mwaka 2019, akiwa na viatu vya kizazi kipya vyenye povu jepesi na bamba la kaboni ndani ya soli, ambavyo kwa mbio za barabarani vilifanya kazi iliyofanywa na bawaba barafuni. Ruth Chepng'etich alipata 2:09:56 Chicago mwaka 2024, kisha mwaka 2025 akafungiwa miaka mitatu kwa kosa la dawa lililotokana na kipimo cha Machi mwaka huo, na muda wake ukabaki vitabuni kwa kuwa ulitangulia kipimo. Msomaji anaweza kuuheshimu au asiuheshimu muda huo, sheria imeuacha.

Kabla ya Chepng'etich, rekodi ilikuwa ya Tigist Assefa wa Ethiopia, saa 2:11:53, iliyowekwa Berlin tarehe 24 Septemba 2023, na ni mbio hiyo inayompa Mtanzania nafasi katika simulizi hii. Aliyemaliza wa tatu siku ile alikuwa Magdalena Shauri wa Tanzania, kwa saa 2:18:41. Alikuwa nyuma ya Assefa kwa karibu dakika 7, na kwa hiyo jina lake lilipita kwenye habari za jioni kwa sentensi moja. Lakini muda wake ni bora kwa sekunde 6 kuliko ule uliomfanya Ndereba kuwa mwanamke mwenye kasi kuliko wote waliowahi kukimbia marathoni, mwaka 2001.

Mara nayo ina jina lake katika vitabu vya rekodi, japo ni la mwanamume. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, alipata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja. Mwaka 1981 aliweka New York rekodi ya dunia ya mita 5,000 za ndani ya ukumbi kwa dakika 13:20.4, na alishinda marathoni ya Berlin mara mbili, 1987 na 1988. Kati ya Majita na ushindi huo alisoma katika chuo kikuu kilichopo El Paso, Texas, mji ulio juu ya bahari kwa takriban mita 1,140. Kwa maneno mengine, kijana wa ziwani alisafiri nusu ya dunia akafika mahali penye hewa ile ile aliyozaliwa nayo. Alichokikuta huko na ambacho hakikuwapo nyumbani kilikuwa makocha wa kudumu, njia ya kukimbilia iliyotandikwa mpira, wapinzani wa kila wiki na chakula cha uhakika.

Mfano wa Nyambui, kwa utukufu wake wote, umewapotosha wengi. Kwa kuwa shujaa wa mkoa alikuwa wa masafa marefu, na kwa kuwa majirani wa Kenya wanasifika kwa masafa marefu, kila mwenye ndoto ya riadha katika Musoma, Bunda na Butiama hufikiria mbio ndefu, wakati kimo cha ukanda huu wa ziwa hakitoshi kuongeza damu kwa kiwango cha Iten. Kwa mkimbiaji wa marathoni Musoma si juu wala si chini. Kwa mkimbiaji wa mita 100, 200 au 400, na kwa mruka chini, Musoma iko mahali pazuri, juu kuliko Calgary na chini ya Salt Lake City, ile miji miwili ambayo mabingwa wa barafu wa Uholanzi, Korea, Japani na China huifuata kwa ndege.

Faida hiyo isizidishwe chumvi. Mkimbiaji wa mita 100 ana kasi ndogo kuliko ya barafuni, na kwenye kimo cha Musoma atapata sehemu chache tu za mia za sekunde. Rekodi ya dunia ya wanawake, sekunde 10.49 za Florence Griffith-Joyner, iliwekwa Indianapolis mwaka 1988, mji wa tambarare, na bado wapo wanaodai kwamba siku hiyo kipima upepo kilikuwa kibovu. Hata hivyo, sehemu chache za mia ndizo zinazotenganisha fainali na kurudi nyumbani. Katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, ulio juu kuliko Musoma, Ferdinand Omanyala wa Kenya alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 mwaka 2021 na kuweka rekodi ya Afrika, na tarehe 7 Mei 2022 Shelly-Ann Fraser-Pryce wa Jamaika akakimbia hapo hapo kwa sekunde 10.67. Fraser-Pryce, ambaye angeweza kufungua msimu wake popote, alikuja Afrika Mashariki, na ni vigumu kuamini kwamba hewa haikuwa mojawapo ya sababu.

Upepo wa ziwani ndio utakaoleta ugumu. Wavuvi wa ukanda huu wanajua kwamba asubuhi na mapema hewa hutoka nchi kavu kuelekea majini, na kwamba jua likishapanda na ardhi kupata moto upepo hugeuka ukaingia kutoka ziwani, wakati mwingine kwa nguvu ya kutosha kuinamisha migomba. Mbio ikikimbizwa alasiri upepo huo ukiwa mgongoni itatoa muda mzuri usio na thamani yoyote mbele ya sheria, na ikikimbizwa ukiwa usoni itamvunja moyo msichana aliye na kipaji halisi. Mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, ambayo ndiyo yanayowakusanya wasichana wengi wa shule kwa wakati mmoja, yanafaa yakimbize mbio fupi asubuhi, kabla ya saa nne, yakiwa na kipima upepo kando ya mita ya hamsini na mtu mmoja aliyefundishwa kukisoma.

Walimu wa michezo wa Mara, kwa hiyo, wanaombwa jambo moja lisilo na gharama ya uwanja mpya: waandike muda wa kila msichana wa mita 100 na 200 pamoja na saa ya siku, upepo na mahali, waitunze karatasi hiyo, na waache kumhamishia kwenye mbio ndefu kila aonyeshaye mwendo. Katika orodha za takwimu za riadha duniani, muda wa masafa mafupi uliopatikana mahali panapozidi mita 1,000 juu ya bahari hubandikwa herufi A, ili msomaji ajue kwamba hewa ilisaidia. Muda wowote halali utakaopatikana Musoma utakuwa na herufi hiyo.